Kununua Chakula kwenye Soko la Kilimo Hai: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali ninayoulizwa na ndugu, majirani na watu wanaonikuta na kikapu mkononi. Nimenunua mboga, matunda na mayai kwenye masoko ya namna hii kwa miaka mingi, na nimeyajibu hapa kama ninavyowajibu wao. Nina msimamo mmoja utakaouona ukijirudia: faida kubwa ya soko hili ni kwamba aliyelima amesimama mbele yako, au yupo anayemjua. Ukinunua bila kumuuliza neno, umelipia kitu ukakiacha mezani.

Kilimo hai ni kilimo gani hasa?

Ni kilimo kinachotegemea uhai wa udongo, si mbolea za viwandani wala viuatilifu vilivyotengenezwa maabara. Mkulima hurutubisha shamba kwa mboji, samadi na mimea ya jamii ya mikunde. Hubadilisha mazao kwa mzunguko ili wadudu na magonjwa yasipate makao ya kudumu, na magugu huyang'oa badala ya kuyapulizia dawa. Mbegu zilizobadilishwa vinasaba haziruhusiwi. Kuhifadhi chakula kwa mionzi hakuruhusiwi, wala tope la majitaka kutumika kama mbolea. Mifugo hulishwa chakula cha kilimo hai, hupewa nafasi ya kutoka nje, na haichomwi homoni za kuikuza haraka.

Shirikisho la kimataifa la vyama vya kilimo hai, IFOAM, lilianzishwa Ufaransa mwaka 1972, na limeweka misingi minne: afya, ikolojia, haki na uangalifu. Wanunuzi wengi tunakumbuka ule wa afya tu. Mimi huuweka wa haki ubavuni mwake, kwa sababu anayeinama kung'oa magugu kwa mkono siku nzima anastahili ujira unaolingana na mgongo wake.

Mkulima akiacha kemikali leo, mavuno ya msimu ujao yanahesabika kuwa ya kilimo hai?

Hapana. Ardhi hupewa muda wa kujisafisha. Kwa kanuni za Marekani ni lazima ipite miaka 3 tangu dawa au mbolea iliyokatazwa itumike mara ya mwisho hadi kuvuna zao la kwanza la kilimo hai. Umoja wa Ulaya unataka miaka 2 kabla ya kupanda mazao ya msimu, na miaka 3 kwa mazao ya kudumu kama miti ya matunda.

Ukikutana na mkulima aliye katikati ya kipindi hicho, akakuambia wazi kwamba bado hajafika, mnunulie. Anabeba gharama zote za kilimo hai huku akiuza kwa bei ya kawaida, na wengi hukata tamaa hapo hapo.

Je, kila soko la wakulima ni soko la kilimo hai?

La. Soko la wakulima maana yake ni kwamba wanaouza ni wakulima, au wanadai kuwa wakulima. Anaweza kulima mwenyewe na kupuliza dawa kila wiki. Vilevile kuna meza za kilimo hai ndani ya masoko ya kawaida. Kwa hiyo usitazame bango la langoni ukaridhika. Tazama meza kwa meza.

Nitajuaje kwamba ninachonunua ni cha kilimo hai kweli?

Zipo njia tatu, na hazilingani uzito.

Ya kwanza ni nembo. Marekani wanatumia mduara wenye maneno USDA Organic; USDA ni wizara ya kilimo ya huko. Umoja wa Ulaya una jani lililochorwa kwa nyota nyeupe juu ya rangi ya kijani, ambalo limekuwa la lazima kwenye bidhaa za pakiti zinazozalishwa huko tangu Julai 2010. Afrika Mashariki kuna alama ya Kilimohai, inayotokana na kiwango cha pamoja kilichopitishwa mwaka 2007. Kwenye pakiti yenye lile jani la Ulaya, usiishie kwenye mchoro. Karibu yake utakuta namba ya msimbo ya chombo kilichokagua, na maelezo ya mahali malighafi zilikolimwa. Nembo isiyo na jina wala namba ya mkaguzi ni pambo.

Ya pili ni cheti. Mboga zisizofungwa hazina mahali pa kubandika nembo, kwa hiyo muuzaji aliyethibitishwa huwa na karatasi. Omba kuiona. Soma vitu vitatu: jina lililoandikwa kama ni la huyo aliye mbele yako au la shamba analoliuzia, tarehe kama haijapita, na orodha ya mazao. Hii ya mwisho ndiyo wengi wanairuka. Cheti kinaweza kuwa halali kabisa kwa parachichi, na meza nzima imejaa stroberi.

Ya tatu ni uhakiki shirikishi. Wakulima wadogo wengi hawamudu gharama za kampuni ya ukaguzi, kwa hiyo hujiunga katika kikundi, hukagua mashamba ya wenzao kwa zamu, na mara nyingi huwaalika wanunuzi wafuatane nao. Brazil, kwa mfano, inautambua mfumo huu kisheria. Mimi nauamini sana pale unapofanywa kwa dhati, maana jirani anajua nani kapita na bomba la dawa mgongoni alfajiri. Mkaguzi anayekuja mara moja kwa mwaka hawezi kuliona hilo.

Jambo la kuongeza: asiye na cheti si lazima awe mwongo. Sheria ya Marekani yenyewe inawasamehe cheti wazalishaji ambao mauzo yao ya kilimo hai hayazidi dola 5,000 kwa mwaka, ingawa kanuni za ulimaji zinawabana vilevile, na nembo ya USDA hawaruhusiwi kuibandika. Kwa watu hao kinachobaki ni mazungumzo.

Nimuulize nini muuzaji bila kumuudhi?

Anza na salamu, halafu uliza kama mtu anayetaka kujifunza. Ukiuliza "Hii ni ya kilimo hai kweli?" utajibiwa "Ndiyo", na hapo huna pa kwenda. Uliza maswali yanayohitaji hadithi:

Msimu huu wadudu gani wamekusumbua, na ulifanyaje? Hili ndilo swali langu la kwanza siku zote. Mkulima wa kilimo hai ana malalamiko tele kuhusu wadudu. Atakueleza vidukari walivyoingia kwenye kabichi, alivyopulizia mwarobaini, alivyochelewa, alivyopoteza tuta zima. Anayekujibu kwamba hajawahi kuwa na mdudu, ama ana bahati isiyo ya kawaida ama hajui shamba linafananaje.

Mbolea unapata wapi? Umevuna lini? Magugu unayaondoaje? Shamba la jirani linapuliziwa dawa, na kama ndiyo, umeacha nafasi gani kati yenu?

Kuna mama mmoja ninayemnunulia nyanya. Siku ya kwanza nilimuuliza, "Mama, hizi zote umelima mwenyewe?" Akaweka mkono juu ya kreti mbili za mbele: "Hizi ndizo zangu. Zile za nyuma ni za ndugu yangu, kaniomba nimuuzie, na yeye hupuliza dawa. Ukitaka za kwangu chukua hapa." Sikuwa nimeuliza habari za kreti za nyuma. Tangu siku hiyo sijawahi kununua nyanya kwa mtu mwingine pale sokoni, na sijawahi kumwomba karatasi.

Zile namba kwenye stika za matunda zina maana gani?

Ni namba za kumsaidia keshia. Tunda la kilimo cha kawaida lina tarakimu nne. La kilimo hai lina tano, na ya kwanza ni 9. Ndizi za kawaida ni 4011, za kilimo hai ni 94011. Matumizi ya namba hizi ni ya hiari na hakuna mkaguzi nyuma yake, basi zichukue kama kidokezo tu.

"Asilia", "haina kemikali", "kutoka shambani": je, ni sawa na kilimo hai?

Si sawa. Neno "asilia" halimlazimishi mtu kukaguliwa shamba lake na yeyote. "Haina kemikali" haina maana kabisa, kwa kuwa hata maji ni kemikali. Na kila mboga imetoka shambani.

Wakulima wa kilimo hai hawatumii dawa kabisa?

Wanatumia, na ni bora ulijue hili mapema usije ukahisi umedanganywa baadaye. Zinazoruhusiwa kwa kawaida ni zile zenye asili ya mimea, madini au vijidudu: pareto, mwarobaini, salfa, shaba, na bakteria aitwaye Bacillus thuringiensis anayeua viwavi. Tofauti ni kwamba zimewekwa kuwa hatua ya mwisho, baada ya mzunguko wa mazao, mbegu zinazostahimili magonjwa na wadudu marafiki kushindwa.

Kuwa na asili ya ardhini hakuifanyi dawa kuwa haina madhara. Shaba hujilimbikiza udongoni na kuwaumiza minyoo, ndiyo maana Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha kilo 28 kwa hekta katika muda wa miaka 7. Mkulima anayejali atakuambia anatumia kiasi gani.

Pia masalia ya dawa za kiwandani yanaweza kuonekana kwenye zao la kilimo hai kwa sababu ya upepo, maji au udongo uliochafuliwa zamani. Huwa kidogo, lakini yapo. Kilimo hai ni ahadi kuhusu namna ya kulima. Hakuna anayeweza kukuahidi sifuri.

Kwa nini bei iko juu?

Kwanza, palizi. Dawa ya magugu inamaliza kwa asubuhi moja kazi ambayo mikono ya watu itafanya kwa siku kadhaa. Pili, mavuno ni madogo. Tafiti zilizokusanya matokeo ya mashamba ya nchi nyingi zimekuta kwamba kwa wastani kilimo hai huzalisha pungufu kwa asilimia 19 hadi 25, ingawa kwa baadhi ya mazao na udongo mzuri pengo hupungua sana. Tatu, mzunguko wa mazao humlazimu mkulima kuacha kipande cha ardhi chini ya mimea ya kurutubisha udongo, isiyomwingizia fedha msimu huo. Kisha kuna ada ya ukaguzi kila mwaka, na usafirishaji wa mzigo mdogo mdogo.

Sehemu nyingine ya bei ni faida ya wa kati. Ukinunua moja kwa moja kwa mkulima sehemu hiyo hupungua, na wakati mwingine huisha kabisa. Mboga za majani za msimu kwenye meza ya mkulima wa kilimo hai mara nyingi zimekuwa rahisi kuliko zile za kawaida zilizofungwa plastiki kwenye rafu ya duka kubwa. Linganisha kwa uzito, usilinganishe fungu kwa fungu.

Fedha yangu haitoshi kununua kila kitu. Nianze na nini?

Anza na vile unavyokula kila siku na kwa maganda yake. Kikundi kimoja cha Marekani, Environmental Working Group, hutoa orodha kila mwaka kutokana na vipimo vya serikali vya masalia ya viuatilifu. Stroberi na spinachi zimekuwa zikikaa juu kwa miaka. Upande wa pili, parachichi, nanasi, vitunguu maji na mahindi mabichi huonekana na masalia kidogo sana. Wataalamu kadhaa wa sumu huikosoa orodha hiyo, kwa kuwa kukuta masalia si sawa na kukuta kiwango kinachodhuru, na sampuli nyingi za kawaida zimo ndani ya viwango vya kisheria. Kwangu inabaki kuwa mwongozo mzuri wa wapi pa kuweka senti ya ziada: kwenye tunda laini lenye ngozi nyembamba, kabla ya lile unalolimenya.

Kuna kosa moja nimeliona likifanywa na watu ninaowapenda, nalo linaniuma: kupunguza mboga na matunda mezani kwa sababu vya kilimo hai ni ghali na vya kawaida wanaviogopa. Usifanye hivyo, hasa kama una watoto. Mboga ya kawaida iliyooshwa vizuri ni bora mara nyingi kuliko sahani isiyo na mboga.

Je, chakula cha kilimo hai kina lishe zaidi?

Jibu la uaminifu ni kwamba tofauti ipo katika baadhi ya mambo, na ni ndogo kuliko matangazo yanavyosema. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipitia tafiti nyingi wakahitimisha kwamba hakuna ushahidi wa nguvu kuwa vyakula hivi vina virutubisho zaidi, ila hatari ya kukuta masalia ya viuatilifu ilikuwa ndogo. Mwaka 2014 timu iliyoongozwa na Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, ilikuta kwamba mazao ya kilimo hai yana viondoa sumu vya mimea (antioksidanti) kwa wingi zaidi na kadimiamu, ambayo ni metali yenye sumu, kidogo zaidi. Miaka miwili baadaye timu hiyo ilikuta omega-3, aina ya mafuta yenye faida mwilini, kwenye maziwa na nyama ya kilimo hai ikizidi kwa karibu asilimia 50, jambo linalotokana hasa na ng'ombe kula majani mabichi.

Mimi sinunui kwa ajili ya vitamini. Nanunua kwa ajili ya udongo, kwa ajili ya maji yanayopita chini ya shamba, na kwa ajili ya yule anayebeba bomba la dawa mgongoni bila glovu. Yeye ndiye anayepata dozi kubwa kuliko mlaji yeyote.

Mboga yenye matundu ni dalili nzuri?

Tundu linakuambia kwamba mdudu alipita, basi. Halikuambii kuhusu mbolea wala dawa ya magugu. Matundu machache kwenye majani ya nje hayana shida. Majani yaliyogeuka wavu yamepoteza maji na hayatakaa hata siku mbili. Na wapo wakulima hodari wa kilimo hai wanaofunika matuta kwa vyandarua vyepesi, mboga zao zikatoka safi kama zimepigwa pasi. Usiwashuku kwa sababu ya umahiri wao.

Nichague vipi mezani?

Hapa weka simu mfukoni, tumia macho, pua na vidole.

Chukua karoti za fungu, zenye majani. Majani ndiyo saa yake: yakiwa yamesimama, yana rangi kali na yananukia ukiyasugua, zimeng'olewa jana au leo asubuhi. Yakiwa yamelala na ncha zimekuwa njano, zina siku kadhaa. Pindua kabichi utazame kisiki. Kisiki cheupe chenye unyevunyevu kimekatwa karibuni; kilichokauka na kuwa kahawia, kilichopasuka kama kisigino, kimekaa. Maharage mabichi yavunje moja mbele ya muuzaji: la leo hulia na kutoa tone la maji, la juzi hupinda tu. Njegere zibonyeze, ganda lililovimba sana limebeba punje ngumu zilizopita utamu wake. Tikiti la manjano linuse upande ulipokuwa umeshika mmea. Lisiponukia hapo, halitanukia nyumbani.

Stroberi inua kikasha utazame chini. Madoa ya unyevu kwenye kitako yanakuambia kwamba zilizo chini zimeanza kulia, hata kama za juu zinameremeta.

Umbo lisikusumbue. Karoti yenye miguu miwili ilikutana na jiwe, haikuumwa.

Niende saa ngapi?

Mapema kama unataka majani, mayai na matunda laini, maana hivyo ndivyo vinavyoisha kwanza, na jua likipanda letusi hulegea. Kuelekea kufunga kama unatafuta bei, hasa kwa nyanya zilizoiva za kupika rojo au matunda ya jamu. Mkulima hapendi kurudi na kreti.

Ushauri wangu ni kuzunguka soko zima mara moja kabla ya kutoa fedha. Inachukua dakika kumi. Ukimaliza unajua nani ana nini, na utaona pia kitu ambacho wauzaji wengi wanacho kwa wingi siku hiyo. Hicho ndicho kilicho msimuni, ndicho kitakuwa kitamu na rahisi.

Niende na orodha ya manunuzi?

Nenda na orodha ya milo, si ya viungo. Andika "majani ya kukaanga, kitu cha supu, matunda ya asubuhi tano", kisha acha soko likujazie majina. Ukiandika "spinachi" na hakuna spinachi, utarudi na hasira na kikapu kitupu huku umepita mbele ya majani mengine matatu mazuri. Beba mifuko yako, kitambaa chenye unyevu cha kufunika majani, chombo kigumu cha matunda laini, na fedha ndogondogo.

Mayai, maziwa na nyama navyo niviangalie nini?

Uliza wanyama wanakula nini na wanalala wapi. Rangi ya ganda la yai hutokana na jamii ya kuku. Rangi ya kiini hutokana na chakula, na inaweza kukolezwa kwa makusudi, basi kiini cha rangi ya chungwa si ushahidi wa chochote. Ukitaka kujua umri wa yai, litie kwenye bakuli la maji: jipya hulala ubavu chini, la zamani kidogo husimama, la zamani sana huelea, kwa sababu kifuko cha hewa ndani yake hukua kadiri maji yanavyopotea kupitia ganda.

Kuhusu antibiotiki, kanuni hazifanani. Marekani, mnyama akitibiwa kwa antibiotiki, nyama na maziwa yake hayauzwi tena kama ya kilimo hai. Ulaya huruhusu tiba pale mnyama anapougua, lakini muda wa kusubiri kabla ya kuuza huongezwa mara mbili. Zote mbili zinakataza kuzitumia kwa ajili ya kukuza mifugo.

Maziwa yasiyochemshwa yachemshe. Cheti cha kilimo hai hakiui vijidudu.

Kwa kuwa ni vya kilimo hai, naweza kula bila kuosha?

Usithubutu. Shamba linalotumia samadi linahitaji mlaji mwangalifu. Kanuni za Marekani zinadai samadi mbichi iwekwe si chini ya siku 120 kabla ya kuvuna zao linalogusana na udongo, na siku 90 kwa lisilogusana nao, kwa sababu vijidudu vya kinyesi huhitaji muda kufa. Mwaka 2011 Ujerumani ilipatwa na mlipuko mkubwa wa bakteria E. coli uliofuatiliwa hadi kwenye mbegu za uwatu zilizochipuliwa na kuuzwa na shamba la kilimo hai. Zaidi ya watu 50 walifariki. Tangu nilipoyasoma hayo, mbegu zilizochipuliwa nazipika kila mara.

Osha chini ya maji yanayotiririka huku ukisugua kwa mikono. Vyenye ganda gumu visugue kwa brashi, hata tikiti, maana kisu hubeba uchafu wa nje na kuuingiza ndani. Sabuni usitumie, kwani ganda huinyonya. Watafiti wa Massachusetts waliripoti mwaka 2017 kwamba kuloweka matufaha kwa dakika 12 hadi 15 kwenye maji yenye soda ya kuokea kidogo, ile ya keki, kuliondoa mabaki ya viuatilifu viwili juu ya ganda vizuri kuliko maji matupu. Yaliyokwisha kupenya ndani hayakutoka yote.

Osha wakati wa kutumia, si wakati wa kuhifadhi. Stroberi iliyooshwa jioni huamkia na ukungu.

Mboga zangu zinaharibika upesi. Nakosea wapi?

Hapa ndipo fedha nyingi inapopotelea. Mazao ya sokoni hayajapakwa nta wala kupuliziwa dawa ya ukungu ya ghalani, hivyo yanakuhitaji wewe yakifika nyumbani, si kesho yake.

Jambo la kwanza, tenga. Nyanya, ndizi, matufaha na maparachichi hutoa gesi iitwayo ethilini inayoivisha vilivyo jirani. Letusi ikilala karibu na tufaha huota madoa ya kahawia. Viazi na vitunguu maji navyo visikae kapu moja. Viazi vinataka giza na ubaridi kiasi, vitunguu vinataka hewa kavu.

Jambo la pili, kata majani ya karoti, figili na viazisukari (bitiruti) siku hiyo hiyo. Yalikusaidia kuchagua, sasa yanafyonza maji kutoka kwenye mzizi, na baada ya siku mbili karoti inapinda kama mpira. Majani ya viazisukari usitupe, yanaliwa kama spinachi.

Majani mabichi yafunge kwenye kitambaa chenye unyevu, kisha uyatie kwenye mfuko ulio wazi kidogo ndani ya friji. Kotimiri na parsli zisimamishe kwenye glasi ya maji kama maua, lakini mrehani uache nje, baridi huuchoma ukawa mweusi. Nyanya ziache mezani mpaka ziive. Friji huua harufu yake, na harufu ndiyo nusu ya utamu.

Vyakula vya pakiti vyenye nembo ya kilimo hai navyo ni vizuri?

Soma orodha ya viungo. Nembo ya USDA na ile ya Ulaya hutaka angalau asilimia 95 ya viungo vya kilimo viwe vya kilimo hai. Marekani kuna daraja la chini linaloruhusu kuandika kwamba bidhaa imetengenezwa kwa viungo vya kilimo hai ikiwa navyo asilimia 70, bila nembo. Nafaka, maharage makavu na mafuta ya kilimo hai nanunua kwa furaha. Biskuti sizipi nafasi hiyo. Sukari ya kilimo hai mwilini ni sukari.

Ni sawa kuomba kupunguziwa?

Omba ukinunua kingi, au ukichukua vilivyoiva kupita kiasi, au saa za kufunga. Kuvutana juu ya fungu moja la majani na mtu uliyemsikia akieleza alivyopoteza tuta zima, mimi siwezi. Njia inayonifaa ni kurudi kwa muuzaji yule yule kila wiki. Baada ya miezi michache ananiwekea kando mayai kabla hayajaisha, na ananiambia bila kuulizwa, "Leo usichukue stroberi, mvua imezipiga."

Nikigundua nimeuziwa kitu ambacho si cha kilimo hai nifanye nini?

Anza na muuzaji mwenyewe, kwa upole, maana kreti huchanganyika na msaidizi mgeni anaweza kujibu asilolijua. Jibu lisiporidhisha, nenda kwa uongozi wa soko. Masoko yaliyo makini yana kanuni zake na huwatembelea wakulima mashambani. Na kama alikuonyesha cheti, chombo kilichokitoa kimeandikwa juu yake na kinapokea malalamiko. Watataka kujua tarehe, zao, na jina lililo kwenye cheti, kwa hiyo piga picha ya kibao cha mezani na ya cheti siku ya kununua, na risiti kama ipo usiitupe hadi mboga ziishe.